Alisema, Alidai

Youngstown, Ohio, baridi ya mwaka hamsini na moja.
Meneja wa kiwanda cha chuma alisema
tanuru ni salama.
Wasil Hrinko, mkono ndani ya bendeji,
alidai lilipasuka.

Hakuna aliyetuamuru. Ilikuwa desturi tu,
kama kuvua kofia ndani ya lifti:
meya alisema, jenerali alisema,
mgomaji alidai, mjane alidai,
na mtu mweusi wa upande wa kusini
hata akitaja saa
alidai ni saa nne.

Mimi nilipanga herufi za risasi zingali moto.
Neno lenyewe halifiki uzito wa msumari.
Lakini lisome kwa sauti, uone
linavyomtazama mtu kwa pembe ya jicho.

Usiku ule Bwana Pruitt, mhariri,
alisinzia juu ya sandwichi yake.
Nikabadilisha. Hrinko alisema.
Nakala mia mbili zilitoka kabla hajaamka
akasahihisha, akanikata ujira wa siku tatu.

Asubuhi mkewe Hrinko alikuja na kitambaa kichwani
akanunua tano, akazisoma palepale mlangoni,
kidole kikifuata mstari.
Mbili zilisema. Tatu zilidai.
Hakuuliza kitu. Alizikunja zote pamoja.

Nami hadi leo sijui kama nilimsaidia.
Maana alidai, kweli:
vidole vitatu, mshahara wa miezi saba,
na meneja aliyesema
hajalipa.