Mshale Uliolala

Umekuja na mvuke puani, Mwalimu Semkiwa,
toka Muheza na magunia kumi na mawili ya machungwa,
vijana watatu wamekusukuma kuanzia Kange
mpaka kwangu Mikanjuni, na bado unasema:
"Imechemka kidogo tu."
Kidogo tu! Juu ya boneti hii ningekaanga mihogo.

Usifungue! Mbwana, mshike mkono!
Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kwa hasira.
Kaka yangu Mhando alikifungua hivyo,
akabaki na shingo ya rangi mbili.
Kaa hapo juu ya tairi. Menya chungwa.
Mwenye homa hahojiwi mpaka apoe.

Sasa sema. Huchemka wakati gani?
Ikisimama, au ikikimbia?
Ikisimama, naishuku feni.
Ikikimbia, nayashuku maji yasiyopita.
Ni swali moja tu, lakini wenzangu huliruka
wakatua kwenye bei.

"Wakati wote," unasema.

Haya. Mkanda naubonyeza kwa dole gumba:
unabonyea kiasi, unarudi. Mzima.
Feni haina kelele. Pampu haitoi chozi.
Mipira ya maji haijavimba.
Nachomoa kijiti cha oili, na hapa huwa sipumui,
maana ikitoka na rangi ya chai ya maziwa
nitakwambia uza machungwa, uza na michungwa.
Nyeusi.
Nyeusi tii. Alhamdulillahi.
Gasketi bado inashika.

Thamostati haimo.
Pana tundu tu, kama jino lililong'olewa.
"Fundi wa Korogwe alisema haina kazi."
Fundi wa Korogwe! Asichokijua hukitupa.
Ila hilo peke yake halikukufikisha hapa.

Rejeta imepoa. Nafungua kwa kitambaa, robo, nasikiliza,
robo tena. Namulika ndani kwa tochi ya simu.
Weupe.
Naujua weupe huu, umo kwenye birika la mama,
umeganda kwenye mdomo wa kata.
"Maji unachota wapi?"
"Kisimani. Nyumbani."
Basi umeinywesha chokaa miaka minane, Mwalimu,
kopo kwa kopo,
na mirija yote hii, inayopitisha labda tisa.

Hapo ningefunga jalada, nikakuandikia bei.
Lakini jiwe haliotei ndani ya siku moja,
na geji ipo, kazi yake ni kusema.
Nawasha swichi. Mshale umelala chini kabisa,
hautikisiki.
Najipenyeza chini ya dashibodi, mgongo juu ya zulia lenye mchanga,
naufuata waya kwa vidole mpaka unapoishia.
Umekatwa. Kwa mkasi, sio panya.
Na ncha yake imefungwa utepe mweusi,
vizuri, kama kidole cha mtoto.

Nikatoka na methali mdomoni,
ile ya mficha maradhi. Nikakuta umelishika chungwa
nusu limemenywa, hulili.

"Ulikuwa unapanda kila nikifika Mkanyageni," ukasema.
"Mwaka ule nilikuwa nampeleka mama Tunu Bombo,
kila Jumatatu. Amelala kiti cha nyuma.
Kule wodini walinionyesha mishale mingine,
ya presha, ya damu, ya sijui nini.
Ile sikuweza kuifanya kitu.
Huu niliweza."

Methali nikaimeza. Ilikuwa chungu.

Tulikesha na rejeta, mimi na Mbwana,
siki na malimau ndani, maji ya bomba kinyumenyume,
yakatoka kama uji, kisha kama tui, kisha kama maji.
Thamostati mpya. Kulanti ya kijani; kisima uachie ng'ombe.
Waya niliuunga mwenyewe.
Ulipowasha, mshale ukatetemeka,
ukapanda, ukapanda, nawe ukashika mlango,
ukasimama kati.

"Hapo ndipo pake," nikakwambia.
"Ukipita hapo, paki. Zima. Ngoja.
Hakuna zaidi."

Ulilipa nusu. Nusu utaleta msimu ukiisha.
Mbwana ameshakula machungwa manne.
Lile la nusu bado lipo juu ya benchi,
ganda lake limejikunja kama mkanda uliolegea,
na hakuna anayelitupa.