Kopo la Juu ya Kabati

Lilikuwa la biskuti, zile za harusi ya Ambakisye.
Sasa ukilifungua linanuka mkaratusi.

Mama alilipanga mwezi wa sita,
ukungu wa Tukuyu umeshuka hadi kwenye migomba:
asali ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi,
tangawizi iliyokunjamana kama vidole vyake,
vitambaa vya kanga kuukuu, vimechemshwa,
vikaanikwa, vikapigwa pasi ya mkaa pande zote mbili.

Shubiri haikuingia koponi.
"Hiyo inakaa mlangoni, kwenye sufuria iliyotoboka.
Ukiungua usihangaike na kopo. Maji baridi kwanza,
kisha vunja jani."

Nikadhani amemaliza.
Akakunja noti ya elfu kumi, ikawa ndogo kama kidonge,
akaisukuma chini kabisa, chini ya mchaichai.

"Na hii ni ya ugonjwa gani?"

Hakunitazama.
"Wa Lwitiko.
Siku tatu tulimfukiza majani,
siku tatu.
Hiyo ni nauli ya Makandana. Usiile."

Akafunika.
Akapigapiga kifuniko kwa kiganja, polepole,
kama mtu anayesubiri mtoto acheue.