Nilidhani Kiungulia

Nilidhani kiungulia.
Nilikula mihogo na pilipili ya kubandua ulimi,
nikaagiza soda, nikasubiri kucheua.
Kitu hakikutoka.
Kilikaa kifuani kama jiliwa,
na mtu, simjui, anakaza mpini:
robo mzunguko, anapumzika,
robo mzunguko tena.

Mkono wa kushoto ukafa ganzi hadi kidole cha pete.
Jasho la baridi, na jua la Keko la saa saba.
Kulwa akazima msumeno:
"Fundi, mbona umekuwa rangi ya mbao mbichi?"
Nikamwambia amalizie miguu ya kitanda cha mteja wa Mbagala.
Hata hapo, jamani, nawaza kitanda cha mtu.

Mke wangu anaitwa Sikudhani
lakini siku ile ni yeye aliyedhani.
Hakuchemsha tangawizi, hakuita majirani.
Alikimbilia duka la dawa, akarudi na aspirini.
"Tafuna, usimeze. Tafuna!"
Uchungu ule ninao mpaka leo nyuma ya meno.

Bajaji. Tukafika Kamata, nami nimekamatwa.
Taa nyekundu.
Akashuka, akasimama katikati ya malori,
kanga moja kiunoni, nyingine anaipunga,
akitoa matusi ambayo miaka ishirini na sita
sikujua anayajua,
mpaka njia ikafunguka.

Muhimbili walikata fulana yangu kwa mkasi,
fulana ya timu yangu, sitaitaja
(muuguzi mmoja, nilimwona, alifurahi kidogo).
Waya kifuani. Karatasi ikatoka ina milima.
Daktari Mushobozi akaisoma kama nisomavyo nyuzi za mninga:
"Mshipa umeziba. Tunaingia sasa hivi.
Kila dakika ni nyama ya moyo inayokufa."
Sasa hivi. Katika mji huu neno hilo
nimewaambia wateja wangu maisha yangu yote.

Waliingilia kwenye kifundo cha mkono,
tundu dogo kuliko la msumari wa inchi moja.
Nilikuwa macho. Niliuona moyo wangu kwenye kioo:
mti mweusi usio na majani, tawi moja limekatwa.
Wakapanua, wakaacha ndani kijichuma cha wavu,
na tawi likajaa wino hadi nchani.
Jiliwa likalegea.
Sista Orestina akanifuta kamasi kama mtoto.

Leo wiki ya tano.
Vidonge vinakaa kwenye kopo la misumari.
Chumvi imehamia kwa jirani.
Bima ililipa nusu; nusu nyingine inaitwa shemeji.
Sigara sijagusa, ila vidole bado vinaitafuta,
vinapapasa sikio, vinakuta penseli.
Natembea. Juzi mpaka msikitini.
Jana mpaka kwa muuza mkaa, nikapumzikia benchi
nililomuuzia mwenyewe mwaka wa mafuriko.
Halijalegea kiungo hata kimoja.

Usiku ndio mgumu.
Nalala nikisikiliza.
Sikudhani anajifanya amelala, kiganja kifuani pangu,
na midomo yake inacheza: anahesabu.
Akifika mia anaanza upya.
Simwambii kwamba najua.

Kitanda cha Mbagala kilikwenda.
Kulwa anasema mteja kalipa, kashukuru.
Mguu mmoja ulikuwa mfupi, nywele mbili hivi.
Asubuhi nimeishika randa, nikaipangusa vumbi,
nikairudisha.