Nukta Sita ya Volti

Mota tatu nilizinunua kwa Bi Glenys, mtaa wa Walkley, Sheffield,
pauni ishirini zote, na chai juu yake.
Zilikuwa za marehemu mumewe, Clifford,
zimelala miaka sita ndani ya kopo la biskuti
pamoja na kikaratasi cha mwandiko wa penseli:
nyeusi na kijani, nyekundu na buluu.
Basi.
Waya zenyewe ni njano, chungwa, kahawia na nyeupe.

"Sijui alimaanisha nini," akasema Bi Glenys.
"Wala sikuwahi kumuuliza."

Banda langu liko nyuma ya nyumba, kwenye mteremko:
mpira ukikuponyoka hapa, unauokota mtoni.
Februari. Pumzi inatangulia, mkono unafuata.
Saumu, miaka tisa, ndiye mshika tochi;
anamulika dari, anamulika paka, anamulika viatu vyangu,
kila kitu isipokuwa kazi.

Waya nne, koili mbili. Nani wa nani?
Mita haihitajiki kwa swali hili.
Unganisha ncha mbili, kisha zungusha shafti kwa vidole.
Ikiteleza kama ulimi wa dalali, hao ni wapita njia.
Ikigoma, ikikukatalia kwa vishindo vidogo vidogo,
hao ni wa nyumba moja.
Njano na nyeupe: ikagoma.
Saumu akajaribu, akacheka: "Imekasirika!"
Hapana, mwanangu. Zimetambuana.

Ikabaki dereva.
Madereva nawajua, mchana kutwa narekebisha breki za mabasi yao,
ila huyu hana usukani wala leseni,
ni kibamba cha ukubwa wa stempu.
Wa kwanza nilimuua mwenyewe:
nilichomoa waya wa mota umeme ukiwa ndani.
Pa! Uzi mmoja wa moshi, harufu ya ukucha ulioungua.
Pauni nne. Mke wangu hajui.

Wa pili nikamnyima, kwa woga.
Mashine ikatambaa, imeshika kalamu badala ya kisu,
na wanaosema mwenda pole hajikwai
hawajaiona mota yenye njaa:
ilikwenda pole, na ikajikwaa, hatua tatu hapa, tano pale,
mraba ukaanzia kona hii ukaishia kwingine
kama maelezo ya mtu aliyeulizwa amelala wapi jana.

Nikazidisha. Dakika kumi, mota haishikiki.

Sasa, taratibu.
Ncha moja ya mita kwenye hasi,
nyingine juu ya kiskrubu kidogo kama punje ya mtama.
Mota imeandikwa ampea moja nukta saba,
lakini si lazima umtwishe mtu yote anayoweza kubeba.
Nalenga moja nukta mbili. Kwa dereva huyu,
mita isome nusu yake.
Nukta tano nane.
Nukta sita tatu.
Saumu, tochi!
Nukta sita sufuri.
Toa bisibisi. Usipumue juu yake.

Tukawasha. Mota ikasimama, ikavuma.
Nikaigusa: joto la yai lililotoka kwa kuku sasa hivi.
"Mbona haiendi, na inalia?"
Inashikilia.
"Inashikilia nini?"
Hapo hapo ilipo.
Akafikiri. "Kwa hiyo inachoka bure."
Kusimama nako kunakula umeme, nikamwambia,
na sikuendelea, maana koo lilinibana
na sikujua ni la nini.

Jumamosi nikampelekea Bi Glenys namba ya mlango wake,
arobaini na saba, imechongwa kwenye mwaloni.
Akapitisha kidole gumba ndani ya ile saba,
juu, kisha chini, polepole.
Nikamrudishia kikaratasi.
Bwana Clifford hakukosea, nikasema.
Rangi hizi ni za mota nyingine.

Akatazama ngazi.
"Darini," akasema, "kuna kopo la pili."