Jiwe la Kilo

Barabara ya Champhai haina wauzaji.
Vibanda vya mianzi vimeegemea ukingo wa mlima:
maboga, mayai, tangawizi iliyofungwa kwa ukambaa,
na kopo la maziwa ya mtoto lenye tundu kifunikoni.
Unachukua, unatia, unakwenda zako.
Mwenye mali yuko shambani, amekupa mgongo.

Ndivyo tulivyolelewa huku Mizoram,
na mama yangu, Biakthangi, hakuwahi kununua kufuli.

Mwezi wa Mei mayai yakaanza kuondoka bure.
Matatu. Manne. Jumamosi moja, sita,
na kopo ukilitikisa linasema lilelile la jana.
Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye tope
palikuwa na unyayo mmoja mzima na mmoja wa kuburuta.
Kijiji chetu kina mguu mmoja tu unaoburutwa:
wa Ropianga, mpiga ngoma wa kanisa.

Mimi nilisema, tumpeleke kwa wazee.
Dada yangu akasema, tumwachie Mungu, mkewe mgonjwa.
Mama akanawa miguu, akavaa vazi lake la kufumwa,
lile la Jumapili, na siku ilikuwa Jumanne,
akatia mayai sita kikapuni.
"Nifuate. Ufunge mdomo."

Tulikunywa chai isiyo na sukari.
Mke alikuwa nyuma ya pazia, akikohoa kwa adabu.
Mama hakupindisha:
"Ropianga, mayai yangu ni kumi na manane. Najua.
Haya sita ni ya Sangzuali, ayale yangali ya moto.
Yale kumi na manane ni deni."

Nilitamani sakafu ya mianzi inimeze.
Nyuma ya pazia kikohozi kilikatika.
Ropianga alitazama vidole vyake, vile vinavyojua
mahali ngozi ya ngoma inapouma,
kisha akatoa, bila hasira,
neno alilokuwa amelitafuna muda mrefu:
"Ni kweli. Na jiwe lako la kilo, Biakthangi, limemeguka.
Tangu ulipoliangusha mwaka juzi. Nilikuwapo.
Tangawizi yako haijatimia tangu siku ile."

Mama alimaliza chai. Akashukuru.
Njia nzima hakusema neno.

Kwenye mizani ya zahanati
jiwe lilipungua gramu arobaini na tano.
Nesi alilipima mara mbili, kwa heshima.

Usiku, akitenga konzi ya mchele,
konzi ya Mungu, kama kila mama wa huku
kabla hajabandika sufuria,
mkono wake ulisimama hewani.
"Hii imejaa kila siku," alisema.
"Ya wapita njia ndiyo niliyoimega."
Sijui kama alikuwa akisema nami.

Sasa utamrudishia nani?
Madereva wa malori, askari wa zamu,
bibi harusi aliyeteremka mara moja kununua boga,
wote wamekwisha kupinda kona.
Akachukua kipande cha boksi na mkaa,
akaandika kwa herufi za mtu aliyeishia darasa la nne:

JIWE LANGU LILIKUWA PUNGUFU. MIAKA MIWILI.
CHUKUA KIDOLE KIMOJA CHA ZIADA. NISAMEHE.
BIAKTHANGI.

Nikamwambia, mama, na jina?
Akanitazama kama niliyeuliza
kama chumvi nayo inatiwa mchuzini.

Kufikia Krismasi Ropianga alikuwa amerudisha kumi na moja,
moja leo, moja wiki ijayo,
kila moja ndani ya jani la mgomba.
Saba bado. Yamo kwa chaki nyuma ya mlango wetu.
Mama hayafuti, wala hayataji.
Sangzuali amepona nusu; hukaa ibadani karibu nasi,
na ngoma ikianza wote wawili huangalia chini.

Jiwe la zamani hakulitupa.
Linazuia mlango usifungwe na upepo.
Na lile boksi lipo, mvua hula herufi, yeye huzirudia.
Ukipita huko, chukua kidole chako.
Usimtafute. Yuko shambani.