Vishimo Tisini na Sita

Mama alishuka kutoka Mbokomu na gome la msesewe
amelifunga kwenye khanga kama kichanga,
akanikuta mlangoni mwa maabara na koti langu jeupe.
"Wewe ndiye uliyesoma," akasema. "Kamua dawa."

Dawa haikamuliwi kama tui. Sikumwambia.
Nililianika gome siku tisa kivulini,
nikalisaga, nikaliloweka kwenye spiriti, nikachuja,
spiriti ikapaa ikaenda zake,
ikabaki lami chini ya chupa,
nyeusi, chungu, isiyojaza kijiko cha chai.

Kisahani changu kina vishimo tisini na sita.
Nikalaza humo seli za uvimbe wa ubongo,
si za Ndelilio, za mgonjwa wa zamani
nisiyemjua jina,
aliyekufa, na seli zake hazijapata habari.

Nikazinywesha. Nikangoja siku tatu.
Kisha nikatia rangi isiyojua kudanganya:
iliyo hai hugeuka zambarau,
iliyokufa huiacha njano.

Njano. Njano.
Safu kwa safu, kama alizeti za Sanya Juu.
Kigelegele kilinifika kooni, nikakiziba kwa glovu.
Ndipo nikatazama safu ya mwisho,
seli nzima, zisizo na kosa lolote.
Njano.

Hata jiki huua kwenye kisahani.
Hata maji ya moto.
Na kati ya damu na ubongo pana mlango,
bawabu wake hali rushwa, hajui undugu,
wala hajali nani kashuka na nini kutoka Mbokomu.

Wodini nilimweleza Ndelilio, taratibu,
maana maneno marefu humponyoka.
"Msesewe?" akasema.
"Dada, huo naunywa kwenye mbege tangu nibalehe.
Ungekuwa dawa, ningetibu wodi nzima kwa mkojo."
Upande mmoja wa mdomo ukacheka,
wa pili ukabaki nyuma, kama mtoto aliyechoka njiani.

Mama hakucheka.
Alitoa jani la isale kifuani, akalipiga fundo,
akalisukuma chini ya mto.
Kwetu, aliyeletewa isale hakatai kusamehe.
Nesi aliliona, akatandika shuka juu yake.
Nami, mwenye cheti ukutani,
nilitaka kusema uvimbe hauna ukoo, haujui mila,
nikajikuta nalinyoosha lile jani lisikunjike.

"Imeua?" Mama akaniuliza kwenye korido.
"Imeua, Mama. Kwenye kisahani."
"Na kichwani?"
Kitoroli cha chakula kikapita kati yetu,
kikakawia kupita.

Sasa ni saa nne usiku, Longuo, umeme umerudi.
Daftarini nimejaza tarehe, kipimo, matokeo.
Kwenye maoni nimeandika:
*kurudia, kwa kipimo kidogo zaidi.*
Gome limebaki robo.
Khanga nimeifua, imekauka, nimeikunja.
Tatizo ni kuirudisha tupu.