Shibiri Moja

Masika yaliuangusha ukuta
kati ya kwangu na kwa shemeji yangu Shekuwe,
ukuta wa udongo alioujenga baba yao.
Asubuhi ile Makorora nzima iliziona
kaptula zake kwenye kamba
na sufuria zangu zilizoungua.
Yeye akasema: tofali. Nchi sita, mpaka juu ya kichwa.
Mimi nikasema: chanja.
Hilo ndilo neno la mwisho tulilosemezana.

Singano akaja na baiskeli, kafunga nyuma
milingoti ya mkonge kumi na minne kutoka Ngomeni,
mirefu hata watoto wa chuo wakaipisha njia.
"Mkonge," akasema, akiupangusa mmoja kwa kiganja,
"huchanua mara moja tu, kisha hufa.
Huu umekwisha maua yake.
Tuupe kazi ya uzeeni."

Akapasua, akapanga, hii imelala, hii imesimama,
akafunga kwa katani iliyolowekwa usiku kucha
ili ikikauka ijikaze yenyewe.
Nikamuuliza, kati ya fito na fito pawe kiasi gani?
Hakutoa futikamba.
Akaniambia nyoosha mkono, dole gumba hadi kidole cha mwisho:
shibiri moja, yako, si yangu.
"Ukibana, hewa itagoma na majani yatashika ukungu.
Ukiachia sana, mti utapapasa usione pa kushika.
Watu hunilipa fito, Mwanakombo,
lakini ninachouza ni matundu."

Nimelicheua neno hilo mara nyingi
nikiwa juu ya mbuzi, nakuna nazi,
jua likiniangukia vipande vipande,
mraba mapajani, mraba begani.
Ukuta hujibu kabla haujaulizwa.
Chanja husikiliza kwanza.
Upepo? Haya, pita.
Kuku? Hapana.
Harufu ya papa wa kwake? Haya, hata nisipotaka.
Macho,
inategemea na msimu.

Nikapanda mdodoki.
Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo;
huu ulikwenda kwa ukono,
uzi wa kijani, mwembamba kuliko wa kushonea kofia,
hauna jicho, hauna haraka,
hupapasa hewani siku mbili, tatu,
kama mtu atafutaye swichi gizani,
na ukishagusa fito hujisokota,
hapo hata kusi haiubandui.
Nilikaa eda miezi minne na siku kumi
chini ya bati hili hili
nikipapasa vivyo hivyo,
wala hakuna aliyenisimikia kijiti.

Mwezi wa saba madodoki yakaning'inia:
mawili kwangu, sita kwake.
Sikudai. Mpaka umeandikwa kwa fito,
na mdodoki haujui kusoma.
Usiku huyasikia yakigonga ndoo yake.

Juzi upepo ulilegeza shina upande ule,
likalala chini kama ulimi wa mgonjwa.
Nikasema moyoni, sasa atalikata, na ana haki.
Asubuhi nikalikuta limenyanyuliwa,
limefungwa kwa katani mpya,
mzunguko mara mbili, ncha imechomekwa chini:
fundo la robota.
Miaka ishirini na mitatu alifunga robota kiwandani,
mikono yake haijui fundo jingine.

Sikulifungua.
Sikumsalimu pia; ilikuwa mapema,
na maziwa yalikuwa motoni.
Nilipitisha tu mkono kwenye tundu
nilikaze kidogo,
nao ukapita, bangili na yote,
bila kukwaruzwa.